Uso wa Bibi, Ukuta wa Chokaa

Kamera yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, ya mtumba, kwa pesa nilizodunduliza nikiandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Likizo ilipofika nilivuka nayo kwenda Unguja kwa bibi, aliyekuwa amenipa kazi moja tu: "Nipige picha ya kubaki." Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumwingia, naye alitaka kuiona picha hiyo mwenyewe kabla macho hayajafunga.

Tulikaa uani. Yeye kwenye kigoda chini ya mwarobaini, nyuma yake ukuta wa chokaa ukiwaka jua la saa sita. Nikaiweka kamera kwenye otomatiki, nikabonyeza, nikampa aone. Akaisogeza karibu na pua.

"Huyu nani?" akauliza. "Mimi, au kivuli changu?"

Hakuwa akitania. Ukuta ulitoka vizuri, hata nyufa zake. Uso wa bibi ulikuwa doa jeusi. Akaingia ndani, akarudi na picha yake ya mwaka 1961, aliyopigwa katika studio moja ya Mji Mkongwe kabla ya harusi yake. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado unaona wanja machoni mwake. Kamera ile haikuwa na kompyuta ndani. Yangu inayo. Kwa nini ile ilimwona na yangu haikumwona?

Mimi ni mwanafunzi wa historia, kwa hiyo nikaanza kutafuta nyuma. Mbinu ya Louis Daguerre ilipotangazwa Paris mwaka 1839, kila kitu kilikuwa mikononi mwa mpiga picha. Ni yeye aliyetazama mwanga, akakisia muda, akafunua lenzi na kuifunika. Zanzibar haikuchelewa sana. Kabla karne ya 19 haijaisha, A. C. Gomes, mtu mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio yake hapa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Wapiga picha wa zama hizo walisimamisha mbele ya lenzi kanzu nyeupe na buibui jeusi katika picha moja, pamoja na ngozi za kila rangi ambazo bandari huzikusanya. Hakuna mashine iliyowaamulia kipi kitoke vizuri.

Mashine ilianza kuamua mwaka 1938, Kodak ilipotoa Super Six-20, kamera iliyojirekebisha mwanga yenyewe. Vipima mwanga vya namna hiyo, hadi kufikia vya kamera za leo, huanza na dhana moja: ukichanganya weupe na weusi wote ulio mbele ya lenzi, utapata kijivu cha wastani. Ukuta mweupe ukijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Aliyekaa kivulini hulipia.

Kuna sura nyingine ya hadithi hii, yenye uchungu zaidi. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha rangi zao kwa kufuata kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Lakini nisiisingizie kamera yangu: siku ile uani kosa halikuwa la Shirley. Lilikuwa la ukuta, na langu, kwa kuwa nilimwachia mtu nisiyemjua, aliyeketi kiwandani, aamue bibi yangu aonekaneje.

Wiki iliyofuata nikageuza kitufe hadi herufi M. Mambo ni matatu: upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kilichonisumbua ni tundu, maana namba yake ikiwa kubwa, lenyewe huwa dogo. Nikashika kanuni ya wazee wa filamu: jua likiwa kali, weka tundu f/16, na kasi ya shata iendane na ISO, kwa ISO 100, sehemu moja ya mia ya sekunde, au iliyo karibu nayo. Nikaharibu picha nyingi. Muuza madafu alitoka kama mzimu, mweupe wote. Boti za Forodhani zilizama gizani mchana kweupe. Siku ya tano nilianza kukisia kabla ya kutazama kipimo, na mara nyingine nilipatia.

Nikarudi uani. Kigoda kilekile, mwarobaini uleule. Nikapima kivuli alimokaa bibi, nikaliacha jua la nyuma lijitegemee: ISO 200, f/5.6, sehemu moja ya 125 ya sekunde. Ukuta ulipotea, ukawa weupe mtupu usio na ufa hata mmoja. Sikuusikitikia. Makunyanzi ya bibi yalikuwepo yote, na kipini cha puani kiling'aa.

Akaishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, jicho moja kisha la pili.

"Haya," akasema. "Kaisafishe."