Mwanamke Aogopwaye: Taarikhi ya Hikaya za Uchawi na Laana, Ngara na Biharamulo

Katika nchi iliyo baina ya mto Ruvubu na Ziwa Viktoria, ambako leo ziko wilaya za Ngara na Biharamulo, hikaya za kutisha zisimuliwazo usiku penye moto aghalabu humhusu mwanamke: bibi aliyeuachia ukoo laana, mke asiyezaa kwa sababu ya kosa la nyanya yake, mjane anayenyooshewa kidole kila mtoto wa jirani akiugua. Ughaibuni, waandishi wa kike wamezishika hikaya za namna hiyo wakazigeuza, hata anayetisha akawa si mtuhumiwa tena bali umati unaomzunguka; mathalani Maryse Condé wa Guadeloupe, ambaye mwaka 1986 alimpa Tituba, mjakazi aliyeshtakiwa katika kesi za Salem za mwaka 1692, fursa ya kusimulia maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe. Kwetu Kagera kazi kama hiyo ingali ikingoja mtu, ilhali taarikhi yetu imeiandalia kila kitu.

Zamani, kabla ya Wadachi kujenga boma lao Biharamulo, nguvu za ghaibu hazikuwa fedheha kwa mwanamke. Wazinza wa Biharamulo waliitumikia mizimu ya Wachwezi, na Bugufi, nchi ya Wahangaza huko Ngara iliyokuwa ikiwatii wafalme wa Burundi, Kiranga ndiye aliyekuwa mkuu wa mizimu, na katika ufalme huo palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mukakiranga, mke wa mzimu huyo, mwenye heshima na milki yake. Mwanamke wa kawaida naye, akiisha kuingizwa katika ibada ya kubandwa, yaani ya kupandwa na mizimu hiyo, aliweza kuvaa mavazi ya sherehe ya wanaume, kushika mkuki, kuketi juu ya kigoda ambacho siku nyingine hakuruhusiwa hata kukisogelea, na kukata shauri baina ya watu. Ibada ikimalizika alirudi kwenye jembe na kwenye chungu chake. Lakini waliomwona juu ya kigoda walikuwa wamekwisha kumwona.

Upande wa kaskazini, kuanzia Karagwe hata Ndorwa, alitukuka Nyabingi. Masimulizi juu yake hutofautiana, na lile linalonigusa zaidi husema kwamba alikuwa malkia aliyeuawa na mumewe kwa tamaa ya ufalme, kisha roho yake ikawaandama muuaji na watu wake kwa maradhi na misiba hata wakalazimika kumtolea sadaka. Hiyo ni laana ya vizazi, ila chanzo chake ni dhulma ya mume, wala si husuda ya mwanamke. Kwa jina la Nyabingi huyo alisimama Muhumusa, aliyejitangaza kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda. Wadachi walimkamata mwaka 1908 wakamfunga Bukoba. Alipoachiwa alirudi kukusanya wafuasi, na Septemba 1911 Waingereza wakamshinda vitani, wakampeleka Kampala, ambako alizuiliwa hata alipofariki mwaka 1945. Mwaka mmoja baada ya kushindwa kwake, Uganda ilitungiwa sheria ya uchawi, na wafuasi wa Nyabingi wakafungwa kwa sheria hiyo.

Tanganyika nayo ilipata sheria yake, na ile ya mwaka 1928 ndiyo mzazi wa sheria tuliyo nayo hata leo. Ilimkataza mtu kumtangaza mwenziwe kuwa mchawi, na papo hapo ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha anayeshukiwa.

Ama yaliyofuata yanauma kuyaandika. Katika kanda ya ziwa, hasa Usukumani, ambako wengi wa wahamiaji wa Biharamulo wametoka, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi waliyopikia miaka arubaini ili wengine wale. Uchunguzi uliofanywa Meatu na kuchapishwa mwaka 2005 na Edward Miguel, mtaalamu wa uchumi, ulionyesha kwamba mwaka wa ukame au wa mafuriko mauaji hayo huongezeka maradufu. Njaa ndiyo iliyotafuta mchawi, nayo ikamkuta bibi aliye dhaifu kuliko wote nyumbani.

Fasihi yetu imeyapitia haya kwa mbali. C. G. Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, alionyesha uchawi ukirithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kukiandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945 kisha kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, alimtazama Bugonoka, mke aliyesimangwa kwa kukosa mtoto, kwa huruma ambayo wachache wameifikia baada yake. Nawaheshimu wote wawili. Hata hivyo sauti ya bibi mwenyewe, akiwa ameketi jikoni na kuzisikia nyayo uani, bado haijaandikwa.

Basi ninyi walimu wa Kiswahili wa Ngara na Biharamulo, watumeni wanafunzi wenu, wasichana hasa, wakaandike wayasikiayo kwa nyanya zao maadamu wangali hai. Nanyi wachapishaji, wakileta miswada yao, isomeni.