Ushuru wa Bahari ya Wagiriki: Kutoka Manowari hadi Yoti

Zea ni ghuba ndogo ya mviringo huko Piraeus, mji wa bandari wa Athens. Leo imejaa yoti, nyingine zikiwa na ghorofa tatu na mabaharia waliovaa sare nyeupe. Katika karne ya 4 KK ghuba hiyohiyo ilizungukwa na mabanda 196 ya kupandishia manowari za makasia, na masalia ya baadhi yake yangali chini ya jengo la makazi karibu na ufuko. Anayefunga kamba hapo siku hizi hulipa kwa urefu wa chombo chake. Zamani zile, aliyetia nanga upande wa pili, katika bandari ya biashara ya Kantharos, alilipa kwa mzigo. Baina ya vipimo hivyo viwili imepita miaka zaidi ya 2,400, na muda wote huo Wagiriki wamekuwa na shaka moja: mwenye chombo akiona bei imezidi, hugeuza tanga akaenda kwa jirani.

Ushuru wa Piraeus ulikuwa asilimia 2 ya kila kinachoingia na kinachotoka. Dola ya Athens haikuwa na maofisa wa kutosha kuukusanya, kwa hiyo kila mwaka iliupiga mnada. Mshindi aliahidi kiasi maalumu, akakaa bandarini kukusanya, na kilichozidi kikawa chake. Msomaji wa Zanzibar hatauona mtindo huu kuwa mgeni, kwani Sultani Sayyid Said naye aliikodisha forodha yake kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji.

Kilichotokea katika minada ile tunakijua kwa sababu mmoja wa washindani, Andocides, alishitakiwa karibu mwaka 400 KK, akajigamba mahakamani. Alisema kundi la mwanasiasa Agyrrhius lilichukua ushuru ule kwa talanta 30 (talanta ni kipimo kikubwa cha fedha), na kwa kuwa wenye fedha wote walikuwa wamekula njama, hakuna aliyepandisha bei. Mwaka uliofuata Andocides akaingia mnadani akaipandisha hadi talanta 36, na bado akapata faida. Piga hesabu: kama asilimia 2 ilifika talanta 36, basi bidhaa zilizopita Piraeus mwaka huo zilikuwa na thamani isiyopungua talanta 1,800. Na huo ni mji uliokuwa umetoka kushindwa vita na Sparta mwaka 404 KK.

Athens haikuishia kwenye bandari yake. Mwaka 413 KK, ilipoishiwa fedha za vita, iliwafutia washirika wake kodi ya kila mwaka, ikaweka badala yake asilimia 5 ya mizigo inayopita baharini. Miaka mitatu baadaye jemadari wake Alcibiades na wenzake walijenga ngome Chrysopolis, kwenye mlango wa Bosporus, wakatoza asilimia 10 kwa kila jahazi lililotoka Bahari Nyeusi. Nafaka ya Athens yenyewe ilipita njia hiyo.

Lakini kisa kinachostahili kukumbukwa kuliko vyote ni cha Rhodes. Kisiwa hicho kiliishi kwa bandari. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 2 KK mapato yake ya bandari yalikuwa yamefikia drakma milioni 1 kwa mwaka, na sehemu ya nguvu za kisiwa ilikwenda kwenye manowari zilizowafukuza maharamia. Kisha Roma ikakasirishwa na msimamo wa Rhodes katika vita vya Roma na Makedonia. Haikutuma jeshi. Karibu na mwaka 166 KK iliikabidhi Delos, kisiwa kikavu cha kilomita za mraba zisizofika 4, mikononi mwa Athens kwa sharti moja: bandari yake isitoze ushuru. Wafanyabiashara hawakuhitaji kushawishiwa. Haukupita muda mrefu, mjumbe wa Rhodes aitwaye Astymedes akasimama mbele ya Seneti ya Roma kulalamika kwamba mapato yale yameporomoka hadi drakma 150,000.

Delos ikatajirika, na biashara yake kubwa ikawa watu. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba kisiwa kile kiliweza kupokea na kuuza makumi ya maelfu ya watumwa kwa siku moja. Rhodes iliyonyauka haikuweza tena kulinda bahari kama zamani. Maharamia wakazagaa, na mwaka 69 KK wakaipora Delos yenyewe. Roma iliiadhibu Rhodes kwa bei rahisi, kisha ikalipia usalama kwa bei ghali: mwaka 67 KK ilibidi impe jemadari Pompey mamlaka makubwa yasiyo ya kawaida ili aisafishe bahari yote. Leo yoti bado zinafunga Mandraki, bandari ya kale ya Rhodes. Delos ni eneo la magofu, na hakuna msafiri anayeruhusiwa kulala huko.

Korintho nayo ilitajirika kwa ardhi nyembamba inayotenganisha bahari mbili. Tangu karibu na mwaka 600 KK palikuwa na barabara ya mawe, Diolkos, ya kuburutia vyombo na mizigo. Kaizari Nero alianza kuchimba mfereji mwaka 67 BK, akafa kabla haujafika popote. Uliopo sasa ulianza kuchimbwa mwaka 1882 na kufunguliwa mwaka 1893: kilomita 6.3, upana wa mita 24 hivi, kuta za mwamba pande zote mbili. Mabaharia wa yoti huuhesabu miongoni mwa mifereji ghali zaidi duniani ukilinganisha ada na urefu wake. Hata hivyo wanalipa, maana njia nyingine ni kuizunguka rasi ya Peloponnese yote.

Kwa karne nyingi baada ya Warumi, aliyetoza alikuwa mgeni: Mveneti, Mjenoa, Mwosmani. Wagiriki wakajifunza ujanja wa bendera. Baada ya mikataba ya Urusi na Waosmani ya mwaka 1774 na 1783, manahodha wao walipandisha bendera ya Urusi na kupita mlango wa Bosporus chini ya ulinzi wake. Wenye yoti wanaochagua usajili wa nchi hii au ile kwa ajili ya kodi hawakubuni jambo jipya.

Utalii wa matanga ulipovuma miaka ya 1970, Ugiriki ilibaki na bahari pana na karatasi nyingi. Kila kisiwa kilikuwa na ofisi ya walinzi wa bandari, na kila ofisi ilikuwa na mhuri wake. Kisha ukaja mzozo wa madeni, na serikali ikawageukia wenye yoti. Sheria ya kodi ya vyombo vya starehe ilipitishwa mwaka 2013, ikaandikwa upya mwaka 2014, halafu ikalala kabatini, kwa kuwa mfumo wa kielektroniki wa kuikusanya haukuwapo. Ilianza kutozwa tarehe 9 Mei 2019. Andocides angecheka: yeye asingeacha mnada ulale miaka mitano.

Viwango vyenyewe si vya kutisha. Chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 7 kinalipa. Cha kati ya mita 10 na 12 kilipangiwa yuro 33 kwa mwezi. Kikizidi mita 12, yuro 8 kwa kila mita, yaani yuro 104 kwa yoti ya mita 13. Wamiliki walitishia kuhamia Uturuki, ng'ambo tu ya maji. Kinachochuna mfuko zaidi ni marina binafsi: usiku mmoja wa Agosti karibu na Athens unaweza kupita kodi ya serikali ya mwezi mzima kwa chombo cha mita 11, kabla hujaongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 24. Ndiyo maana wenyeji wa bahari hiyo hutia nanga katika ghuba, au kwenye gati la mji kwa yuro chache, au kwenye gati la mkahawa ambako malipo ni kula chakula cha jioni hapo.

Waingereza ndio walioonja karatasi kwa uchungu mpya. Tangu nchi yao iachane na soko la Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2020, yoti zao huhitaji hati ya forodha inayoziruhusu kukaa miezi 18, lakini mwenyewe, kama hana kibali cha ukaazi, haruhusiwi kuzidi siku 90 katika kila siku 180. Chombo kina haki ya kukaa muda mrefu kuliko nahodha wake.

Anayekodi yoti bila nahodha anatakiwa awe na leseni, na awe na mtu wa pili mwenye uzoefu. Karatasi nyingine humalizwa na kampuni inayokodisha. Anayekuja na chombo chake abebe cheti cha usajili, bima yenye tafsiri ya Kigiriki na orodha ya watu waliomo, na alipe kodi ya mwezi kabla ya kuingia maji ya Ugiriki.