Njia ya Tabora na Istilahi za Moyo wa Mtoto Mchanga

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya maneno machache ambayo mfasiri wa vitabu vya tiba hana budi kuyatumia anapoeleza kasoro za moyo na mapafu ambazo mtoto huzaliwa nazo. Tumeyafuata maneno hayo katika njia kuu ya misafara, tangu Bagamoyo hadi Tabora, kwa sababu njia hiyo ilikipeleka Kiswahili bara kabla ya shule na kabla ya ofisi za serikali. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwatangulia. Reli ilipofika mwaka 1912 enzi ya misafara ilikuwa inakwisha, lakini maneno yalibaki.

Moyo na roho

Moyo ni neno la asili ya Kibantu lenye ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Kwa hiyo halikuhitaji mpagazi wa kulibeba. Hata hivyo lina maana zaidi ya moja. Husimuliwa kwamba jina la Bagamoyo limetokana na “bwaga moyo”, na hapo moyo ni fikira na majonzi. Lakini watu wa misafara waliujua pia moyo wa nyama. Livingstone alipofariki huko Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliutoa moyo wake wakauzika pale pale, kisha wakauchukua mwili hadi pwani kwa kupitia Tabora.

Roho, neno lililotoka katika Kiarabu, mara nyingine hushika nafasi ya moyo, kama tusemapo kwamba roho inamdunda mtu. Katika mazungumzo halina madhara. Katika cheti cha hospitali linayo, kwani mzazi aambiwaye kwamba mwanawe ana ugonjwa wa roho aweza kumpeleka kwa mganga wa pepo badala ya kumpeleka kwa daktari.

Mshipa

Neno hili lina mzigo mzito kupita kiasi. Ni njia ya damu iendayo moyoni, ni njia ya damu itokayo moyoni, ni neva, na katika mazungumzo ya watu wengi ni ngiri. Kwa hiyo wafasiri wa vitabu vya sayansi wamefanya vyema kuzikubali vena na ateri. Mshipa ubaki katika maelezo ya jumla, mradi isemwe wazi kwamba ni mshipa wa damu.

Kitara

Ipo kasoro moja adimu inayoushika moyo na pafu kwa pamoja. Hukadiriwa kumpata mtoto 1 hadi 3 katika kila vizazi hai 100,000. Vena ya pafu la kulia, badala ya kurudisha damu yenye oksijeni katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo, huimwaga katika vena kuu ya chini. Aghalabu pafu hilo huwa dogo, na moyo husogea upande wa kulia. Kasoro hiyo ilielezwa mwaka 1836 na Cooper huko London na Chassinat huko Paris. Baadaye iliitwa kwa jina la upanga uliopinda, kwa kuwa katika picha ya eksirei vena hiyo huonekana kama upanga wa namna hiyo. Jina hilo lilienea baada ya makala ya Catherine Neill na wenzake ya mwaka 1960.

Je, mfasiri auite upanga gani? Felegi ni upanga ulionyooka, wala haufai. Jambia, silaha ya kiunoni iliyojulikana kwa Waarabu wa Unyanyembe, limepinda, lakini ni kisu. Mundu unajulikana kwa kila mkulima, ila ni chombo cha shamba, na picha ya asili hupotea. Kitara ndilo neno la kale la Kiswahili kwa upanga uliopinda, nalo lilikuwa limelala. Tunaona heri kuliamsha kuliko kuunda neno jipya.

Kuzaliwa nao na kurithi

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Ugonjwa wa kuzaliwa nao na ugonjwa wa kurithi ni vitu viwili mbalimbali, lakini mara nyingi huchanganywa. Duniani watoto wapatao 8 au 9 katika kila 1,000 huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwa walio wengi hakuna sababu moja iliyobainika. Mfasiri akiandika “wa kurithi”, amekwisha kuutia lawamani ukoo wa mama au wa baba, na ndoa yaweza kuvunjika kwa kosa la kalamu. Vivyo hivyo neno kilema humwita mtoto mwenyewe kwa jina la maradhi yake. Kasoro hutaja kiungo tu.

Mapendekezo

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa ng’ambo, hasa India. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mama wa Tabora aweza sasa kuishika njia ile ile ya kale kuelekea pwani, akiwa na mtoto mgongoni na barua ya rufaa mkononi. Inampasa aelewe lililoandikwa humo. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) moyo litumike kwa kiungo, na roho liachwe;
(b) vena na ateri zitumike katika vitabu na vyeti;
(c) kasoro ya vena-kitara iwe istilahi ya wataalamu, na mzazi aelezwe kwamba mshipa wa damu wa pafu umeungana pasipo pake;
(d) “ya kuzaliwa nayo” isibadilishwe kamwe kuwa “ya kurithi”, ila pale daktari alipothibitisha hivyo.

Walimu na watumishi wa serikali walioko Tabora, Nzega na Urambo wanaombwa wayapime mapendekezo haya kwa masikio ya wasemaji wa huko.