Tarehe ya Watunzi wa Misa, Kutoka Mpala Hadi Kampene

Wengi katika kwaya zetu hapa Kampene, hata kule Kindu, hudhani Misa kubwa ya kwanza yenye nyimbo za Kongo ni Missa Luba. Naandika ili ubishi huu uishe: aliyetangulia ni Joseph Kiwele.

Fani yenyewe ya kutunga Misa ni ya zamani. Haydn, aliyezaliwa 1732, aliimba tangu mtoto katika kwaya ya Mtakatifu Stefano, Vienna. Mozart alimtumikia askofu mkuu wa Salzburg hadi 1781. Beethoven alipiga kinanda cha kanisa Bonn akiwa kijana mdogo. Hao wanajulikana.

Kiwele alizaliwa 1912, Mpala, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Na Mpala hapapitwi hivi hivi. Mwaka 1883 Storms, afisa wa Ubelgiji, alijenga boma hapo. Mwishoni mwa 1884 watu wa Storms walimuua chifu Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likavushwa bahari hadi Ubelgiji. Damu ya Lusinga haijasahauliwa. Mwaka 1885 boma hilo hilo likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na humo nyimbo za Kanisa zikaanza kufundishwa.

Basi mtoto wa Mpala akapita seminari, akawa mwalimu wa muziki Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na mpiga kinanda wa kanisa kuu. Aliandika nota mwenyewe, kwa kalamu yake. Missa Katanga yake, iliyoitangulia Missa Luba, ina maneno ya Kilatini, lakini sauti zake ni za kwetu, zimepangwa kwa ufundi aliousomea, bila kuiga wageni. Mwaka 1960 Kiwele akawa waziri wa elimu wa Katanga, iliyojitenga na Kongo chini ya Tshombe, akaitungia wimbo wa taifa. Akafariki 1961, mwaka ule wanajeshi 13 wa anga wa Italia walipouawa Kindu. Hapa kwetu hakuna asiyeujua.

Sasa Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Kamina, aliikusanya na vijana wake, ikaimbwa 1958. Ni nzuri, nakiri wazi: Kyrie inalia kama kasala ya maombolezo ya Waluba, Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana, Hosanna ni ngoma ya Kasai. Lakini mengi yalitoka vinywani mwa waimbaji wenyewe papo hapo, na jina lililoenea duniani kwa sahani za santuri ni la padri. Waimbaji wale walistahili zaidi. Kiwele naye alistahili zaidi, kwani kazi yake ilikuwa imeandikwa, tena na mkono wa Mkongo.

Mwaka 1988 Roma iliikubali Misa ya Zaire, yaani ibada ya Misa kwa desturi za Kongo, na ngoma tunazopiga altareni Jumapili zikapata ruhusa.

Kinshasa kuna orkestra ya Wakimbangu tangu 1994, hupiga Beethoven. Tarehe yao wataiandika wenyewe. Ya mashariki huanzia Mpala, kwa Kiwele.