Akili Mnemba na Hatima ya Uanagenzi katika Uandishi wa Programu

Mjadala kuhusu akili mnemba na ajira za waandishi wa programu umeng'ang'ania swali moja: je, mashine itawatoa kazini? Hofu hiyo si ngeni. Mwaka 1954, John Backus na wenzake wa IBM walipoeleza mpango wao wa lugha ya programu ya FORTRAN, walitarajia kwamba kazi ya kuandika msimbo na kusaka makosa yake ingekaribia kwisha kabisa. FORTRAN ilitoka mwaka 1957, COBOL ikafuata muda si mrefu, na waandishi wa programu wakazidi kuongezeka, maana kila kazi iliyorahisishwa ilizaa nyingine ambazo awali gharama yake ilikuwa haibebeki. Wanaotutuliza leo huegemea historia hiyo, na si bure. Ila wao huhesabu idadi ya kazi bila kuuliza nani anazipata. Ninachodai hapa ni kwamba kilicho hatarini zaidi ni uanagenzi, yaani ile miaka ya mwanzo ambapo kijana hulipwa kwa kazi ndogondogo huku akijifunza zile kubwa.

Ushahidi wa awali unaelekea huko. Mwaka 2025 Erik Brynjolfsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua kumbukumbu za mishahara za kampuni ya ADP nchini Marekani. Waliona kwamba ajira ya waandishi wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 ilishuka kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele chake cha mwishoni mwa 2022 hadi Julai 2025, ilhali ya wakubwa wao haikushuka hivyo. Kuna wanaosema kilichowaponza vijana ni riba iliyopanda, pamoja na kampuni kuajiri kupita kiasi wakati wa korona. Sababu hizo zina uzito, lakini hazitoshi: hata watafiti walipoziondoa athari zinazoikumba kampuni nzima, vijana walio katika kazi zinazofikiwa zaidi na akili mnemba waliendelea kubaki nyuma. Kwetu Afrika Mashariki dalili zilitangulia mashine yenyewe. Septemba 2019 kampuni ya Andela, iliyojijengea jina kwa kufundisha vijana, ilitangaza kupunguza takriban wahandisi wachanga 420 katika Kenya, Uganda na Nigeria kwa kuwa wateja wake walitaka wazoefu. Soko lilikuwa limekwisha kumchoka mwanagenzi. Akili mnemba imelipatia soko hilo kisingizio cha bei nafuu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba chombo hiki humpandisha mwanagenzi hadi kiwango cha mzoefu, hivyo hakuna haja ya kumlea. Ni kweli kwamba katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2023, waliotumia msaidizi wa akili mnemba GitHub Copilot walimaliza kazi waliyopewa kwa muda pungufu kwa takriban asilimia 56. Lakini kazi ile ilikuwa ndogo, mpya na ya kujitegemea. Taasisi ya METR ilipowapima waandishi wazoefu 16 mwaka 2025, katika miradi mikubwa waliyoifahamu vizuri, walipotumia akili mnemba walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, na la ajabu ni kwamba wenyewe waliamini wameharakisha. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Naur alikwishaeleza sababu mwaka 1985: programu hasa ni ufahamu uliomo kichwani mwa walioijenga, na msimbo ni zao tu la ufahamu huo. Chukua mfano wa malipo ya simu. Mteja anabonyeza, mtandao unakatika, anabonyeza tena. Mfumo usiotambua kwamba ombi ni lilelile utamkata pesa mara mbili. Msimbo ulioandikwa na mashine unaweza kufaulu majaribio yote ikiwa aliyeyaandika hakuuwazia mtandao wa Namtumbo au Turkana. Mwanagenzi hulijua hilo siku anapokabidhiwa hesabu zisizolingana, akapekua kumbukumbu za mfumo hadi akaona miamala miwili ya kiasi kimoja, ikipishana kwa sekunde chache. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo sasa tunaikabidhi mashine.

Tusitarajie kampuni zijirekebishe. Kila moja hunufaika kwa kuajiri wazoefu waliolelewa na nyingine, na zote zikifanya hivyo hapatakuwa na wa kuwalea wanagenzi. Hasara hiyo haitaishia kwa watu wa kompyuta, kwa kuwa mishahara, kodi, vipimo vya hospitali na matokeo ya mitihani vyote vinapita katika mifumo ambayo lazima pawe na mtu wa kuielewa. Atakayelalamika kwamba uanagenzi unaongeza gharama ya zabuni ana haki, lakini alinganishe na gharama ya kumwita mtaalamu wa nje kila mfumo unapogoma. Serikali zetu ni wanunuzi wakubwa wa mifumo, nazo zina uwezo wa kuweka masharti. Kabla ya kusaini mkataba ujao, wizara imtake mzabuni aoneshe ataajiri wanagenzi wangapi, nani atawasimamia, na ni sehemu gani ya mfumo halisi watakayoruhusiwa kuigusa.