Ya Leo ama ya Jumapili?

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, mteja hana haja ya kubinyabinya parachichi. Muuzaji humtangulia kwa swali: "Ya leo ama ya Jumapili?" Anayeijua desturi hujibu kwa kutaja siku: "Nipatie mbili za kesho, omong'ina, na tatu za wikendi." Basi mkono wa omong'ina, yaani mama huyo muuzaji, hupita juu ya rundo, ukaacha hili, ukachukua lile. Ukienda Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, utaulizwa vivyo hivyo.

Tikitimaji halichaguliwi hivyo. Wala si tunda la milima hii: mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi na usiku una baridi, ilhali mtikiti hutaka joto na jua kali. Matikiti hufika hapa kwa malori kutoka nyanda za chini. Kule Kwale na kandokando ya Mto Tana, mnunuzi hulipiga tunda kofi jepesi na kutega sikio. Sauti nzito humpa moyo, sauti kali humtia shaka. Kisha hulipindua kutafuta doa la manjano pale lilipolalia udongo. Mkulima naye hutazama ule uzi unaojisokota karibu na tunda. Ukikauka, wakati umefika.

Tofauti hii inatokana na maumbile ya matunda yenyewe. Tikitimaji likishakatwa haliongezi utamu. Ulivyolinunua ndivyo utakavyolila. Parachichi huenda kinyume: hukomaa mtini, lakini halilainiki mpaka lichumwe. Kwa hiyo anayenunua tikiti hulihoji tunda, na anayenunua parachichi humhoji mtu, kwa kuwa muuzaji ndiye anayejua lilichumwa lini na limelala wapi.

Wagusii nao wana kipimo cha sikio. Hulitikisa parachichi, na kokwa ikicheza ndani wanajua limekomaa. Rangi husaidia kwa baadhi ya aina tu: Hass hugeuka kutoka rangi ya kijani hadi karibu nyeusi, lakini Fuerte hubaki kijani hata likiiva kabisa. Hass lenyewe lilitokea California, kwenye shamba la tarishi Rudolph Hass, aliyelipatia hataza mwaka 1935. Huko California, tangu 1925, sheria ilitaka tunda liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 8 kabla ya kuuzwa. Wanaouza parachichi nje ya Kenya leo hupimiwa maada kavu, yaani kile kinachobaki tundani maji yakikaushwa. Vipimo hivyo ni vya lazima, na ninaviunga mkono kwa moyo wote, maana dalali anayepukutisha mti mzima, machanga na yaliyokomaa pamoja, humharibia jina mkulima wa Nyamira aliyesubiri. Tunda changa halilainiki vizuri. Hunywea na kuwa kama mpira. Hata hivyo maabara hujibu swali moja tu, kama tunda limekomaa. Swali la siku ya kula hubaki mikononi mwa omong'ina, na sijaona chombo kinachomshinda.

Ujuzi wa kuharakisha kuiva nao ni wa eneo zima. Kagera na Buganda huzika ndizi za pombe shimoni na kuzitia moshi, nao moshi huo una ethilini, gesi ileile ambayo tunda hujitolea lenyewe linapoiva. Nyumbani inatosha kulifunga parachichi pamoja na ndizi mbivu.

Sasa viazi, maana parachichi likishaiva tutalipondea saladi ya viazi. Wajerumani wa Swabia hukata viazi vikiwa moto na kuvimwagia mchuzi wa nyama na siki, kwa sababu kiazi moto hunywa kile kinachokigusa. Wajerumani wa kaskazini hupendelea mayonezi. Zanzibar, viazi vilivyochemshwa huingia katika urojo, uchachu ukitoka kwa embe bichi au ndimu. Mimi nasimama na Swabia na Zanzibar: uchachu kwanza, mafuta baadaye.

Jikoni mwa Kisii mafuta hayo ni parachichi. Kiazi kinachopatikana zaidi ni Shangi, chenye unga mwingi na chepesi kupasuka, kwa hiyo kichemshe na maganda yake, ukianza na maji baridi yenye chumvi. Usikifanyie haraka, maana kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kiazi huchelewa. Kimenye kingali moto, kikate, kikamulie ndimu papo hapo. Kikipoa, ongeza kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, dania, pilipili kidogo, na mwisho parachichi lililopondwa. Ndimu ileile iliyoingia kwenye kiazi hulichelewesha parachichi kuwa jeusi.

Huchelewesha tu, haizuii. Saladi ya Swabia huachwa itulie, na wapo wanaoisifu zaidi siku ya pili. Hii ya kwetu iponde wageni wakishakaa, na wote wale mpaka bakuli liishe.