Mzazi, Dola na Nabii: Nani Aliyekuwa na Haki Juu ya Watoto wa Ranchi ya Eldorado?

Tarehe 29 Mei 2008, Mahakama ya Juu ya jimbo la Texas iliafiki uamuzi wa mahakama ya rufani ya Austin kwamba watoto waliochukuliwa kwenye ranchi ya Yearning for Zion, karibu na mji mdogo wa Eldorado, warudishwe kwa mama zao. Desemba ya mwaka huohuo, Idara ya Huduma za Familia na Ulinzi ya jimbo hilo ikatoa ripoti yake ya mwisho. Wasichana 12 walikuwa wameozwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 15, na saba kati yao walikwisha kuzaa. Wasichana wote wa miaka 12 hadi 17 waliotolewa ranchini walikuwa 43. Zaidi ya robo, basi.

Watetezi wa uhuru wa dini hunukuu hukumu ya Mei, na watetezi wa watoto hunukuu ripoti ya Desemba, kila upande ukiamini kwamba waraka wake umeufuta wa mwenzake. Nadai kwamba nyaraka zote mbili ni sahihi, na kwamba usahihi wake haumsaidii mtoto kiasi tunachodhani. Zote zilipima haki ya mzazi dhidi ya mamlaka ya dola. Katika jamii ya FLDS, dhehebu lililojitenga na Kanisa la Mormoni kwa sababu ya ndoa za mitala, mzazi alikuwa amekwisha kunyang'anywa haki hiyo kabla dola haijafika getini, na aliyemnyang'anya alikuwa kiongozi wake wa dini.

Mwenendo wa tukio lenyewe unajulikana, na hapa nitaugusa tu. Simu zilipigwa kwenye kituo cha kusaidia wanaopigwa majumbani. Mpigaji alijitambulisha kuwa msichana wa miaka 16 aliyeolewa na mzee, akateswa. Tarehe 3 Aprili 2008 askari na maafisa wa ustawi wa jamii wakaingia ranchini, na kwa siku chache wakaondoa watoto zaidi ya 400, wakiwemo wanyonyao. Baadaye ilibainika kuwa simu zile karibu kwa hakika zilikuwa za uongo, tena zilitoka nje ya ranchi kabisa. Baadhi ya "wasichana" waliozuiliwa walithibitika kuwa wanawake wazima.

Kinachostahili kuchambuliwa kwa kirefu ni hoja ya kisheria iliyotumiwa kuwachukua wote kwa pamoja. Idara ilisema ranchi nzima ni kaya moja. Kwa sheria ya familia ya Texas, kuwapo kwa mtu aliyemdhulumu mtoto ndani ya kaya kunaweza kuzingatiwa katika kuamua kama watoto wengine wa kaya hiyo wako hatarini. Ukikubali kwamba ekari zipatazo 1,700 zenye nyumba nyingi na akina mama wengi ni kaya moja, basi mvulana wa miaka mitatu kwenye nyumba ya mashariki yuko hatarini kwa sababu ya msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwenye nyumba ya magharibi. Mahakama ya rufani iliikataa hoja hiyo. Ilisema imani ya kundi, peke yake, si hatari ya papo hapo kwa mwili wa mtoto. Ilisema pia kwamba ushahidi wa mimba za wasichana wachache hauwezi kubebeshwa watoto wote, hasa wavulana na watoto wachanga. Mahakama ya Juu iliongeza jambo ambalo wanaoishangilia hukumu hiyo hulipita haraka: hakimu angeweza kuamuru watuhumiwa wahame, au kuzuia watoto wasitolewe nje ya eneo litakalotajwa na mahakama, bila kumng'oa mtoto kwa mama yake. Majaji watatu, Harriet O'Neill akiwa mwandishi wao, walitofautiana na wenzao kwa sehemu, wakaona kwamba idara ilikuwa na haki ya kuendelea kuwashikilia wasichana waliokwisha kubalehe.

Kisheria, hoja ya kaya moja ilistahili kuanguka. Hata hivyo ilibeba ukweli uliotupwa pamoja nayo. Ranchi haikuwa kaya moja, lakini ilikuwa himaya moja. Januari 2004, huko Colorado City, mji wa FLDS kwenye mpaka wa Arizona na Utah, Warren Jeffs, kiongozi wa dhehebu hilo, aliwafukuza wanaume wapatao 20 kwa siku moja, akawaambia kwamba wake na watoto wao si wao tena, kisha akawagawia wanaume wengine. Hapakuwa na talaka, shauri, wala kikao cha ukoo. Nyumba hawakuweza kudai, kwani makazi yalikuwa mali ya amana iliyoundwa mwaka 1942 na kusimamiwa na viongozi haohao. Baba aliyeishi chini ya utaratibu huo alimlea mtoto kwa idhini inayoweza kufutwa asubuhi yoyote. Alipoombwa binti yake kwa ajili ya ndoa, kusema hapana kulimaanisha kupoteza binti, wake, nyumba na, kwa imani yake, pepo.

Kumbukumbu zilizokamatwa ranchini, zilizoorodhesha kila mume, wake zake na umri wa kila mmoja, ndizo pamoja na vipimo vya vinasaba zilizowatia hatiani wanaume kadhaa, na Agosti 2011 Jeffs mwenyewe akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwanajisi wasichana wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 15. Daftari hizo ni ushahidi wa uhalifu, lakini pia zinaonyesha nani aliyekuwa akiozesha. Mzazi aliridhia, aliyeamua ni mwingine.

Wanazuoni wa nadharia ya siasa wangetusaidia hapa kama wasingekuwa na haraka ya kujibizana. Chandran Kukathas anaona kwamba dola isiingilie jamii ya kidini maadamu wanachama wake wana haki ya kutoka. Haki hiyo ni ya karatasi pale ambapo anayetoka anaacha paa, watoto na jina, na mtoto wa miaka 12 hana hata karatasi. Susan Moller Okin aliliona tatizo hilo vizuri, lakini alielekea kuuweka mzizi wake katika desturi za ndoa na familia zenyewe, na kutoka hapo ni hatua fupi kuwaona mama wa Eldorado kama sehemu ya hatari. Ndivyo ripoti ya Desemba ilivyofanya. Watoto wengine zaidi ya 260 waliandikwa kuwa wametelekezwa, kwa kuwa wazazi wao hawakuwaondoa mahali penye dhuluma. Mama asiye na hati ya nyumba angewapeleka wapi?

Itasemwa kwamba namwondolea lawama mzazi na kuisafisha mitala. Kuhusu mitala, nakubali sehemu. Hukumu ya jaji Bauman wa British Columbia, Kanada, mwaka 2011, iliyohusu jamii ya mitala ya Bountiful, ilieleza kwa ushahidi mwingi kwamba wanaume wachache wanapooa wake wengi, umri wa maharusi husukumwa chini na vijana wa kiume hugeuka ziada. Kwenye jamii iliyofungwa, hesabu hiyo haina huruma. Lakini Afrika Mashariki inaonyesha kwamba mitala na ndoa za utotoni hutengana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua mitala, na ruhusa yake ya kumwoza binti wa miaka 15 kwa idhini ya mzazi ilihusu ndoa zote, hata ya mke mmoja. Rebeca Gyumi, aliyefungua kesi kuipinga ruhusa hiyo, alipoishinda Serikali Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ilipozikataa hoja za Mwanasheria Mkuu mwaka 2019, zikiwemo za sheria za Kiislamu na za kimila, hakuna mke mwenza aliyeguswa. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, iliweka miaka 18 kwa wote huku ikiacha ndoa za kimila na za Kiislamu ziendelee kuwa za wake wengi. Utekelezaji una matundu, lakini sheria imelenga umri, na imani imeachwa ijitetee yenyewe.

Kuilenga imani kuna gharama ambayo Marekani iliilipa kwa miaka mingi. Julai 1953 gavana Howard Pyle wa Arizona alivamia Short Creek, kijiji ambacho leo ni Colorado City na Hildale, na watoto 263 wakachukuliwa. Picha za watoto wakililia mama zao ziligeuza maoni ya umma, Pyle akashindwa uchaguzi uliofuata, na wanasiasa wa majimbo yale wakajifunza kutazama pembeni. Mabinti walioozwa katika kimya hicho kirefu nao ni wahanga wa uvamizi ule.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja yangu limetokea Colorado City yenyewe. Samuel Bateman, aliyejitangaza nabii baada ya Jeffs kufungwa, alijikusanyia "wake" zaidi ya 20, kumi kati yao wakiwa watoto, na baadhi walitolewa na baba zao wenyewe. Safari hii dola haikukomba kijiji. Septemba 2022 Arizona iliwachukua wasichana tisa tu na kuwapeleka kwenye malezi ya kambo. Novemba wanane kati yao walitoweka, wakaja kupatikana jimbo la Washington wakiwa na mmoja wa wake zake. Kama kuchukua wachache kwa umri na kwa ushahidi ndiyo njia, kwa nini ilivunjika?

Jibu langu ni la sehemu tu. Bateman alikuwa ameshikwa, lakini aliendelea kuongea na wafuasi wake kwa simu kutoka mahabusu, na njama ya kuwatorosha wasichana ni miongoni mwa makosa aliyokiri kabla ya kuhukumiwa miaka 50 Desemba 2024. Watoto walikuwa wametenganishwa na mama zao na hawakutenganishwa na sauti yake. Mahakama za familia zina amri za kumzuia baba mkatili asimkaribie mwanawe. Amri ya namna hiyo dhidi ya kiongozi wa dini ambaye si mzazi wala mlezi, itakayomkataza kumwoza, kumhamisha au kuzungumza na mtoto, ingepaswa kutangulia uhamisho wowote. Huenda ingepingwa mahakamani kwa jina la uhuru wa kuabudu. Ingekuwa kesi nzuri kuliko ile ya 2008, maana ingemlazimu nabii aeleze mbele ya hakimu haki yake juu ya mtoto wa mtu mwingine ilitoka wapi.